Pua ya Mbu

Leo naandika nimesimama. Kukaa nimejaribu, makalio yamekataa.

Mtu mzima mimi, baba wa watoto watatu, mweka hazina wa kamati mbili za harusi, sina sababu ya kuwa msitu wa Pugu Jumapili asubuhi nimevaa kaptula ya kubana. Lakini daktari alisema presha, shemeji akasema baiskeli, na bei ya baiskeli yenyewe nyumbani inajulikana kuwa ni laki mbili. Naomba ibaki hivyo hivyo.

Kilima cha kutoka Gongo la Mboto sikielezi. Mchanga nao mnaujua. Mzizi ulionirusha ulikuwa katikati ya njia pengine tangu enzi za Mjerumani. Wenzangu kumi na mmoja wakauruka, mimi nikausalimia kwa kidevu. Kuinuka, tairi la nyuma limelala kama chapati ya jana, mwiba umezama wote. Kikundi kikaniandikia: "Tupo mbele, usijali." Ikafuata picha yao kwenye mapango ya udongo mweupe, wanacheka.

Nikasukuma mpaka barabara ya Kisarawe, nikamkuta fundi chini ya mwembe. Beseni la maji meusi, spana mbili, vipande vya mipira vimening'inia kwenye msumari. Benchini wazee watatu na kijana wa bodaboda. Kamati kamili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeanguka na nini?"

"Baiskeli."

Akaizunguka. "Karia yake iko wapi?"

"Haina karia."

"Madigadi?"

"Hayapo."

"Kengele?"

"Haina, mzee."

"Kumbe uliuziwa nusu."

Kijana wa boda akauliza bei. Nikajibu laki mbili, ulimi umeshazoea. "Umepigwa, bosi. Kwa laki mbili hapo mnadani Pugu unatoka na mbuzi, na chenji juu." Nikakumbuka bei ya kweli, nikaona ng'ombe mzima anapita mbele ya macho yangu, na ndama wake nyuma.

Fundi akalitoa tairi kwa mipini ya vijiko, akauvuta mpira, akaganda. "Hii nini?"

"Valvu, mzee."

"Hii siyo valvu. Hii pua ya mbu."

Mdomo wa pampu yake uliimeza pua yote, upepo ukapita pembeni. Kamati ikaingia kazini. Mzee wa kwanza akashauri mdomo. Fundi akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, mpira hata haukushtuka. Mzee wa pili akatoa hukumu kwamba baiskeli hii haikuumbwa kujazwa upepo. Wa tatu alikuwa bado ananiuliza kabila. Mama wa mihogo akaacha karai lake jikoni, akaja na upawa mkononi, akatutangazia kuwa marehemu mumewe alipeleka mkaa mjini miaka na miaka, magunia mawili kwa safari, juu ya Foniksi moja, na hakuna mzizi uliowahi kumwangusha.

"Na nepi hakuvaa," akamalizia, akiangalia kaptula yangu.

Ni sponji, mama! Ni sponji ya kukalia! Nilipaza sauti mbele ya wazee, nakiri. Hakuna aliyeonekana kuridhika.

Kitoto cha miaka kama tisa, mdomo mwekundu wa ubuyu, kikanyoosha kidole: "Si mlegeze hiki kwanza?"

Pale nchani kuna kinati kidogo kama punje ya mtama. Usipokilegeza, upepo hauingii. Nilielekezwa siku ya kununua. Nilikuwa naitikia tu.

Fundi hakusema neno. Alikata ukanda wa mpira mkuukuu, akaizungushia pua mpaka ikanenepa, pampu ikashika. Tukauzamisha mpira kwenye beseni, vipovu vikatoka. Sehemu mbili. Mbili! Akapiga msasa, akapaka solusheni, akabandika viraka, akavigonga na nyundo taratibu kama anambembeleza mtoto.

"Elfu moja."

Nikatoa elfu tano. Chenji hana. Kitoto kikatumwa kuitafuta, na hadi naondoka kilikuwa bado safarini.

Kilometa mbili mbele mnyororo ukakatika. Kijana wa boda akatokea nyuma yangu, sijui alikuwa ananisindikiza, akadai nauli ya watu wawili. Baiskeli nayo abiria.

Sasa hivi maji yametoka, mara ya kwanza tangu Jumatano, nyumba nzima inafua. Mke wangu kaianika ile kaptula kambani katikati ya uwanja, sponji imelewa maji, imetuna. Mama mwenye nyumba amesimama mbele yake, dakika ya tatu hii, anaibonyeza kwa kidole. Ningetoka nikamweleze, ila kodi ya mwezi huu sijalipa.