Picha za bichi Kigoma ni za jioni, mchana tuogelee tu

Kila Jumapili nikifungua simu nakuta kitu kilekile. Kundi la marafiki wametoka mtaa wa Mwanga hapa mjini na bajaji mbili, wote wamevaa nyeupe, wamefika ufukwe wa Jakobsen jua liko utosini, wamepiga picha mia na kitu halafu saa tisa wanajazana tena kwenye bajaji kurudi mjini wamechoka hoi, na picha zenyewe ukiziangalia sura ni nyeusi, macho hayaonekani, maji yametoka rangi ya bati. Chini mtu anaandika "Zanzibar ndogo". Hapana jamani. Hii ni Tanganyika, ziwa lenye kina kinachokaribia mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, haliwezi kuwa toleo dogo la sehemu yoyote na wala halipigwi picha kama sehemu nyingine.

Nasema hivi kwa sababu nawapenda hao wanaotoka na napenda sana huu utaratibu wa washkaji kuchangishana hela, kubeba kamera moja ya mtu na simu za wengine, kwenda kushinda ufukweni. Ni kitu kizuri mno. Ninachopinga ni ile ratiba. Tumeiazima visiwani bila kujiuliza kwa nini wenzetu wa visiwani wanafanya vile.

Angalia safari za kule. Ukienda lile fungu la mchanga la Nakupenda, mkabala na Mji Mkongwe, wewe hupangi muda, bahari ndiyo inapanga, maana maji yakipwa fungu linatoka na yakijaa linazama lote, hakuna cha kukanyaga. Dar nako watu wanavuka kwenda Mbudya au Bongoyo asubuhi na boti zinataka kurudi kabla giza halijaingia. Kwa hiyo picha nyingi za visiwani unazoziona zimepigwa kati ya saa nne na saa tisa, siyo kwa sababu ndio muda mzuri wa sura za watu bali ndio muda ambao boti ipo na mchanga upo. Na kule mchana unalipa. Mchanga ni mweupe, umetokana na matumbawe yaliyosagika, maji ni ya kimo cha goti mpaka mbali, jua la utosini linapiga mpaka chini linarudi juu na ndio unapata ile feruzi ambayo kila mtu anaitamani. Mpigapicha wa Zanzibar akikuambia twende saa sita yuko sahihi kabisa kwa mazingira yake.

Sasa lete hiyo saa sita huku kwetu. Mchanga wetu ni wa dhahabu iliyokolea, sehemu nyingine ni kokoto kabisa, na maji hayakai kina kifupi kwa muda mrefu, unatembea kidogo tu kuanzia ukingoni tayari chini hupaoni. Jua la utosini halina cha kurudisha juu. Linateleza tu kwenye uso wa maji linakuchoma macho, alafu kamera ikiona ule mng'ao wote inafikiri kila kitu kina mwanga wa kutosha, inapunguza, na anayeumia ni rafiki yako mwenye ngozi nyeusi nzuri aliyesimama mbele. Anatoka kivuli. Ndio hapo watu wanaanza kuhangaika na filta mpaka sura inakuwa ya majivu, na mimi hiyo inaniuma kuliko kitu chochote, kumwona mtu mzuri amepaushwa ili tu afanane na picha ya sehemu nyingine.

Na kuna jambo la saa ambalo watu wa huku tunaliishi kila siku ila hatulitumii. Tanzania nzima tunatumia saa ileile lakini sisi tuko magharibi kabisa, kwa hiyo jua letu linachelewa. Mchana kamili wa Kigoma, yaani jua likiwa juu kabisa, ni kama saa saba siyo saa sita, na linazama karibu na saa moja jioni, zaidi ya nusu saa baada ya lile la Zanzibar. Mtu akisoma mtandaoni kwamba mwanga mzuri unaanza saa kumi akaja saa kumi, bado jua lina ukali. Huku mambo yanaanza saa kumi na moja na nusu. Halafu asubuhi usijisumbue kuamka kwa ajili ya macheo ya majini, jua linachomoza nyuma yetu kwenye vilima, ufukwe unabaki kwenye kivuli muda mrefu, na likija kuvuka vilima tayari ni kali. Ziwa liko magharibi na milima ya Kongo iko ng'ambo, kwa hiyo jioni ndio kila kitu kinaelekea kwetu.

Ratiba ninayoitetea mimi ni hii. Mfike mchana sawa, hakuna ubaya, lakini kamera ikae kwenye begi. Muogelee (ila muulize wenyeji kwanza, mamba wapo baadhi ya sehemu za ziwa hili na anayejua ni yule anayechota maji hapo kila siku), mchome samaki wetu migebuka, mpige stori, mtu alale chini ya mti. Chagueni ufukwe mmoja tu, msianze kukimbizana kutoka Jakobsen kwenda Bangwe kwenda Kibirizi siku moja, mtaishia kupiga picha za bajaji. Ikifika hiyo saa kumi na moja na nusu mtakuwa mmeshiba, mmecheka, mmezoeana, hakuna tena yule anayekaza midomo akiona lenzi. Nyuso za watu waliokaa pamoja kutwa nzima zina kitu ambacho hakuna pozi linaweza kukileta.

Hapo sasa wewe mwenye kamera ingia majini mpaka magotini, geuka ulipe ziwa mgongo, waambie wao waangalie ziwa. Kinachotokea ni kwamba jua limeshuka, linakuja la upande juu ya maji, linawapiga usoni moja kwa moja lakini kwa upole, na nyuma yao vilima navyo vimewaka, nyasi, miti, mawe, kila kitu. Hata pundamilia wa pale Jakobsen wakishuka muda huo utawapata na mistari yao yote. Watu wengi wanafanya kinyume, wanamweka rafiki ayape machweo kisogo tangu saa kumi na moja halafu wanashangaa sura haipo. Machweo nyuma yake subiri mpaka dakika za mwisho, likibaki kidogo juu ya milima ya Kongo, hapo piga picha za kivuli kwa makusudi, mtu aruke, wawili washikane mikono, umbo tu linatosha.

Na kama unataka machweo na sura kwa pamoja, dawa ni shuka jeupe. Kuna jamaa yetu mmoja anatembea nalo kwenye begi kila tukitoka, anachuchumaa mbele ya anayepigwa, analikunjua kifuani kwake kama mtu anayeanika nguo, na ukiangalia kwenye skrini unaona kabisa mwanga unapanda kutoka chini ya kidevu, mashimo ya macho yanafunguka, mashavu yanapata rangi. Akilishusha tu, giza. Akilipandisha, uso umerudi. Shuka la kitandani. Hakuna haja ya kuagiza rifleka, lile bango la kurudisha mwanga, Dar. Wa simu naye aguse uso kwenye skrini, ashushe mwanga kidogo kwa kidole ili anga lisiungue, inatosha.

Msimu nao una maneno. Kiangazi, hasa kuanzia Julai kuelekea Septemba, kuna ukungu wa vumbi na moshi wa moto wa porini, milima ya Kongo inapotea kabisa, jua linakuwa duara jekundu ambalo unaweza kuliangalia, na kusi ikivuma mawimbi yanakuwa makubwa kweli. Masika baada ya mvua kubwa anga linasafishwa na ng'ambo unaona mpaka mikunjo ya mlima. Mimi napenda zaidi hiyo ya baada ya mvua. Na kitu kingine, tangu 2020 hivi maji ya ziwa yamekuwa yakipanda, sehemu ambazo tulikuwa tunatandika mkeka siku hizi ni maji, kwa hiyo usiamini picha za zamani ukipanga safari, muulize mtu aliyepita karibuni.

Sababu yangu kubwa ya kutetea jioni lakini siyo mwanga peke yake. Ni watu. Mchana ukiwa Katonga au Kibirizi unakuta dagaa wameanikwa na watu wako kivulini. Jioni ufukwe unaamka. Kina mama wanaanua dagaa, vijana wanakagua nyavu, mwingine anafunga betri na taa kwenye mtumbwi, watoto wanabeba ndoo. Nilimsalimia mama mmoja pale Katonga, shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, nikamwomba kumpiga picha akiwa anakusanya dagaa kwenye chanja. Akasema subiri. Akamaliza upande wake, akanawa mikono, akafungua kitenge akakifunga upya vizuri, akatengeneza kilemba, akarudi pale pale kwenye chanja akainama kuendelea na kazi na kusema haya sasa. Ile ni picha niliyoisafisha nikampelekea, na kwangu mimi hakuna picha ya ufukweni inayoifikia, kwa sababu yeye ndiye aliyeamua aonekane vipi.

Kwa hiyo muombe kwanza, na ukiahidi kuleta picha ulete, studio za kusafisha zipo mjini na gharama yake mkichangishana haimuumizi mtu. Na watoto wanaooga uchi pembeni ya maji, naomba kwa dhati, msiwapige. Wapo wanaowaposti wakiona ni kitu cha kuchekesha au cha sanaa. Yule ni mtoto wa mtu, kesho atakuwa mkubwa na picha bado itakuwepo. Bandari nayo na maeneo ya askari usielekeze lenzi, na droni inataka kibali, TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wana utaratibu wake, usije ukairusha kienyeji mkoa wa mpakani huu ukaharibu siku ya kundi zima.

Jua likishazama msiondoke. Hili ndilo wanaorudi mjini saa tisa wanalikosa kabisa. Mitumbwi ya dagaa inatoka, giza likiingia taa zinawashwa moja moja mpaka ziwa linakuwa na mji wake. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri, mwanga wake ni mweupe zaidi, ila kazi ni ileile, taa inavuta wadudu wadogo wa majini, dagaa wanawafuata, wavu unapandishwa. Kuzipiga siyo ngumu. Kamera iweke juu ya jiwe, simu iegemeze kwenye ndala uliyoichomeka mchangani, weka taima ili kidole kisitikise, na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) isizidi sekunde tatu nne, maana mitumbwi inayumba na ukiacha muda mrefu taa zinakuwa vistari. Ukitaka sura ya rafiki mbele yake, mwambie asimame kama gogo halafu mwingine ammulike kwa tochi ya simu kwa mbali, mara moja tu.

Hofu ya kuchelewa kurudi naielewa, hasa kwa dada zetu ambao nyumbani wanaulizwa. Ongea na dereva wa bajaji mapema, mkubaliane saa mbili na nusu au saa tatu, mlipe nusu, chukua namba yake, na mmoja wenu awaambie wazazi mapema mko wapi na mnarudi na nani. Likipangwa hivyo hakuna kelele.

Tunaokaa Kigoma mjini visiwa vya ziwa letu viko mbali, vile vinavyosifiwa viko kusini huko Kipili mkoa wa Rukwa, na siku tukijaliwa tutafika na kamera zetu. Lakini wageni wanaotoka Dar kuja huku, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, tusiwapeleke ufukweni saa sita wakaona maji ya bati. Na kama mgeni wako anazitaka zile taa, tazama kalenda ya mwezi kabla hajakata tiketi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wa dagaa wanapumzika, mbalamwezi inazishinda taa zao. Tena mwaka 2024 uvuvi wa ziwani ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo kwa miezi hiyo ulizia kwanza kama ziwa limefunguliwa. Likiwa limefungwa, mwambie aje Septemba, zile siku ambazo mwezi haujaandama.