"Sheet" si shuka, ni demani

Filamu za Kiingereza zenye baa ndani yake zinatutesa. Mtu anapepesuka, anamwaga bia ya jirani, mwenzake anasema "he's three sheets to the wind", yaani amelewa sana, na chini ya picha tunasomeshwa: "Yuko shuka tatu kwenye upepo." Inaudhi. Inaudhi zaidi kwa kuwa msemo huo ni wa mabaharia, na tafsiri hiyo inaandikwa kwa lugha ya watu wa bahari.

"Sheet" hapa si shuka, si karatasi, wala si tanga lenyewe. Ni demani, kamba inayoshika pembe ya chini ya nyuma ya tanga. Ukiivuta unalibana tanga, ukiilegeza unalipunguzia upepo. Demani ikiponyoka, tanga halishiki upepo tena. Linapigapiga hewani, chombo kinapoteza mwendo na kuanza kulewalewa. Ndiyo, kulewalewa: Kiswahili kilikwisha kuona zamani kwamba chombo na mlevi wanayumba namna moja. Merikebu za Waingereza zilikuwa na matanga mengi na demani nyingi, kwa hiyo katika karne ya 19 walevi walihesabiwa kwa demani. Moja ikiwa upeponi, mtu amechangamka. Tatu, hashikiki. Mtafsiri anayejua hayo anaweza kuandika "demani zimemponyoka" na mtu wa Lamu au Nungwi akafurahi, au akaandika "amelewa chakari" na kuendelea na kazi. Shuka haimo popote.

Kosa hili lina mzizi mmoja: mtafsiri anafuata neno badala ya kufuata namna lugha inavyoyaunda maneno hayo. Kiingereza huunda maneno ya ulevi kwa kumtendea mlevi jambo. "Hammered", amepigwa nyundo. "Plastered", amepigwa plasta. "Smashed", amevunjwavunjwa. Waingereza hata huchukua karibu nomino yoyote, kama "trolley" (toroli), wakaipachika mwisho huohuo wa "-ed" na kupata "trolleyed". Wanaisimu wawili wa Ujerumani, Christina Sanchez-Stockhammer na Peter Uhrig, walichapisha utafiti juu ya jambo hilohilo, wakiwa na orodha ya visawe 546. Kinachobeba maana ni umbo la sentensi; neno lililomo ndani yake halina kazi kubwa.

Sisi hatufanyi hivyo. Sisi tunalo "lewa", kisha tunaliongezea neno la mkazo: lewa chakari, lewa chopi, lewa tilalila, lewa bwii. Hapo ndipo nguvu yetu ilipo, na kwingine tunatumia vitenzi vya kazi: kaupiga mtindi, kautwika, kakata maji. Basi "he got completely hammered" ni "alilewa chopi". Ukiandika "alipigwa nyundo kabisa", mtazamaji atatafuta jeraha.

Halafu kuna kipimo. "Tipsy" na "merry" ni kuchangamka, stimu zimeanza kupanda, mtu bado anaongea vizuri. "Legless", yaani asiye na miguu, amelewa hasimami. "Paralytic" ya Uingereza inamfuata karibu. Aliyepoteza fahamu, "passed out", amezima. Ukiwapa wote "amelewa", umemfuta mwandishi aliyechagua neno kwa makusudi, na mazungumzo ya dakika tatu baadaye hayataeleweka, kwa maana aliyezima hawezi kukumbuka alichosema, aliyechangamka anaweza.

Pia uliza msemaji anatoka wapi na lini. "Pissed" kwa Mwingereza ni mlevi, kwa Mmarekani ni mwenye hasira. "Pissed off" ni hasira kwa wote wawili. Kosa hapo linageuza ugomvi kuwa ulevi. "Tight" katika filamu ya Marekani ya miaka ya 1930 mara nyingi ni ulevi. Leo ni watu walioshibana. "Stoned" ilikuwa pombe kabla ya kuwa bangi. "Groggy" ilianzia kwenye grogu, yaani ramu iliyozimuliwa kwa maji: mwaka 1740 Admirali Edward Vernon, aliyeitwa "Old Grog" kwa sababu ya koti lake la kitambaa cha grogram, aliamuru ramu ya mabaharia izimuliwe, sehemu moja ya ramu kwa nne za maji. Leo neno hilo ni mawenge ya usingizi au ya bondia aliyepigwa, na atakayeandika "mlevi" atamsingizia mtu.

Nakubali, shingo upande, kwamba mara chache tafsiri ya neno kwa neno ndiyo sahihi. Mwaka 1737 Benjamin Franklin alichapa katika gazeti lake la Philadelphia orodha ya misemo zaidi ya 200 ya ulevi. Mmoja ulisema mlevi amekwenda Barbados. Hapo Barbados ibaki, maana ramu ilitoka huko na utani wote umekaa juu ya jina la kisiwa.

Lakini "hair of the dog" haina kisingizio hicho. Ulitokana na imani ya zamani ya kuweka nywele za mbwa aliyekuuma juu ya kidonda. Baadaye ukawa ni glasi ya asubuhi ya kutuliza pombe ya jana. Neno tunalo, tena ni kitenzi kilekile kilichomfaa Vernon: kuzimua. Kwa Tanzania andika "nipe moja ya kuzimua". Kwa Nairobi andika "nipe ya kutoa loki". Hakuna atakayeuliza mbwa alitokea wapi.