Siku ya Tatu Bila Ugali

Jana asubuhi nilimwamkia mtoto shikamoo. Mtoto wa jirani, wa chekechea, kashika andazi. Wala hakusita: "Marahaba," akaendelea kutafuna. Mpaka sasa sijui kilichoniuma zaidi ni ile marahaba au lile andazi.

Nina siku ya nne tangu niache wanga. Kisa ni suruali. Harusi ya shemeji ni mwezi ujao, na kifungo na tundu lake siku hizi hawasalimiani. Nikaapa mbele ya mama watoto: ugali basi, wali basi, chapati, mihogo, chai ya sukari, vyote basi. Nitakula mayai, samaki, mchicha na parachichi. Mwenzangu hakubisha, alipunguza unga kwenye sufuria tu. Hata huzuni hakuonyesha.

Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Ya pili kichwa kikaanza kugonga. Ya tatu, yaani jana, ukungu. Si ule wa Lushoto wa kupigia picha. Huu umepanga ndani ya fuvu na kodi halipi.

Mimi nauza duka la vifaa vya ujenzi. Akaja mama mmoja anataka misumari ya nchi tatu, kilo mbili. Nikapanda ngazi, nikafika juu, nikasimama. Nikageuka: "Mama, samahani, hivi ulisema nini?" Akarudia. Nikapima, nikafunga, nikapokea elfu kumi yake. Kisha nikamkabidhi misumari, chenji, na ileile elfu kumi, na karibu tena juu. Bahati alikuwa mtu wa haki, alirudi. Alirudisha hela na kuniuliza kama nyumbani kuna msiba.

Jioni nikaenda kutoa hela kwa wakala. Namba ya siri, miaka sita naibonyeza hata gizani, haipo! Nikajaribu mwaka aliozaliwa Rama. Ikakataa. Mwaka niliooa, ikakataa, na hapo nikaomba Mungu mama watoto asijue kwamba nimeukosea. Ya tatu wakanifungia. Watu kwenye foleni wakaanza kuniangalia kama mwizi wa simu.

Nikaishia duka la dawa. Yule kijana akaniuliza kwanza kama nina presha au natumia dawa za sukari. Nikamwambia sina, nina suruali tu.

"Anko, ubongo hauzidi asilimia 2 ya uzito wako, ila unakula kama asilimia 20 ya nguvu za mwili."

Nikamwelewa papo hapo. Ubongo ni yule mpangaji wa chumba kimoja mwenye friji, pasi na jiko la umeme, na luku mnachangia sawa. Ndiyo umeme umekata sasa. Kijana anasema akiba ya sukari kwenye ini ni ya siku moja hivi. Ikiisha, mwili unageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo unazitumia, ila kuzoea kunachukua siku kadhaa. Halafu ile akiba inakaa na maji, ikiondoka nayo yanaondoka, na chumvi inafuata. Kumbe zile kilo mbili nilizojisifia nazo kazini nilizikojoa! Akanishauri maji, na supu yenye chumvi, maana presha sina.

Basi leo asubuhi nikatua kwa mama lishe wetu. Supu ya kongoro, ndimu, chumvi ya kutosha, chapati nikazipa kisogo. Sijui ni chumvi, sijui ni kule kukaa kitako, ila bakuli la pili lilipoisha namba ya siri ikarudi yote, tarakimu nne, zimepanga mstari. Nikaitamka kwa furaha, kimoyomoyo nadhani.

Mama lishe akaja kufuta meza, akanitazama usoni.

"Baba Rama, leo umechangamka. Kichwa kimekaa sawa?"

"Kimekaa dada yangu, namshukuru Mungu. Nakumbuka kila kitu."

"Vizuri. Basi naomba ile elfu tisa ya chapati za mwezi uliopita, uliyoniapia jana kwamba huikumbuki."