Wazee wa kambini na hesabu ya waliokufa

Kwa wageni wengi, Takwa ni magofu: mtu huvuka hadi kisiwa cha Manda kutazama msikiti wa kale na nguzo yake. Lakini miaka ya 1950 Manda na Takwa palikuwa na kambi za wafungwa wa Mau Mau, watu wa bara waliozuiliwa bila ya kushtakiwa. Ndiyo maana ubishi wa wanahistoria juu ya vitabu vinavyotegemea vinywa vya wafungwa hao unatuhusu sisi wa Lamu.

Kitabu kinachobishaniwa zaidi ni cha Caroline Elkins, mwanahistoria Mmarekani, kilichotoka mwaka 2005 kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Wakosoaji wana hoja. Wazee walihojiwa miaka 40 na zaidi baada ya mateso, na kwa muda huo mtu huchanganya aliloliona na alilosimuliwa na wenziwe. Tena Mau Mau nao waliua: usiku wa Machi 26, 1953, huko Lari, walichoma nyumba za waliokuwa upande wa serikali, wake na watoto wakiwamo. Waliochomewa Lari nao wana ushahidi wao.

Hoja nzito ya wakosoaji ni idadi ya waliokufa. Elkins aliandika kwamba waliopotea huenda wakafika laki kadhaa. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alikadiria vifo kama 50,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka 10. Hapa namwunga mkono Blacker. Ila tusiwatupie wazee lawama: hesabu ile mwandishi aliitoa kwenye sensa za serikali, si kwa mzee yeyote.

Na hati za serikali zenyewe je? Machi 3, 1959, kambini Hola, wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi kufa. Taarifa ya serikali ikasema walikufa baada ya kunywa maji. Kabla ya uhuru majalada mengine yalichomwa moto, mengine yakapelekwa Uingereza, yakaibuka Hanslope Park, ghala ya serikali huko, mwaka 2011 wakati wazee wanadai haki yao mahakamani London. Yaliyomo yaliafiki waliyoyasema. Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 pauni milioni 19.9.

Kwa hiyo juu ya waliyotendewa, nawaamini wazee. Ninachowadai waandishi ni uwazi. Mzee akisema aliona mwenziwe akizikwa, nataka kuambiwa alikuwa kambi gani, mwaka gani, aliulizwa swali gani, na kama walikuwa peke yao au mbele ya kundi. Bila ya hayo, hata maneno ya kweli hayapimiki.

Huku kwetu kuna sauti ambazo sijaziona vitabuni: za watu wa visiwani waliokuwa jirani na kambi zile. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1955 amekwishafika 80. Waulizwe sasa, kila mmoja peke yake, kabla hawajakaa barazani wakasikizana.