Starsky aniwie radhi, mimi niko na Rockford

Yakitajwa magari ya wapelelezi wa runinga ya zamani, watu hukimbilia Ford Gran Torino la Starsky na Hutch. Jekundu kama nyanya, mstari mweupe umetambaa ubavuni ukapanda mpaka juu ya paa. Sina ugomvi nalo, ila naomba mtu anieleze: askari kanzu anamfuatiliaje mhalifu akiwa ndani ya kitu kama kile? Ukipishana nalo mara moja tu, jioni utawasimulia watoto.

Na kwa mbio zenyewe, kelele zilizidi kazi. Mchezo ulirushwa na ABC kuanzia 1975 hadi 1979, miaka ambayo magari makubwa ya Marekani yalikuwa yameshabanwa na sheria za moshi na bei ya mafuta. Lile Torino lilikuwa na uzito wa karibu tani 2. Wakaliinua nyuma, wakalivika rimu za kupendeza, wakalipaka rangi ya kuita macho. Paul Michael Glaser, aliyekuwa analiendesha kama Starsky, hakuwahi kuficha kwamba halipendi. Wanunuzi hawakumsikiliza, mwaka 1976 Ford wakatengeneza nakala zaidi ya 1,000 zenye mstari uleule, na zikapata wenyewe.

Mimi moyo wangu uko kwa Pontiac Firebird la Jim Rockford, mpelelezi wa kujitegemea kwenye mchezo wa The Rockford Files wa NBC, 1974 hadi 1980. Rangi yake ni ya dhahabu iliyokaribia udongo, namba 853 OKG. Halina mstari, halina mdomo wa kuvuta hewa juu ya boneti, wala lile lindege lenye mbawa wazi wanalochorewa ndugu zake wa Trans Am. Ni Firebird aina ya Esprit, yaani toleo la kistaarabu, la mtu anayetaka kiti kizuri na injini isiyompigia kelele.

Kumbuka mwenyewe ni nani. Rockford alifungwa miaka 5 San Quentin kwa kosa ambalo hakulifanya, akaja kusamehewa. Anaishi kwenye nyumba ya tela ufukweni Malibu. Bastola anaiweka kwenye kopo la biskuti, na akiweza kukwepa ngumi atakwepa. Bei yake ni dola 200 kwa siku, gharama mbali, na wateja wanamkopa hivyo hivyo. Mtu wa aina hiyo ukimpa gari lenye mstari mweupe umeshaiharibu hadithi. Hili la dhahabu unaamini kabisa kwamba bado analilipia polepole, na kwamba akilikwaruza inamuuma.

Mjomba wangu ana gereji Tanga na hakuwahi kuuona mchezo huu. Siku moja nikampelekea simu pale pale uvunguni mwa Noah, nikamwekea kipande ambacho Rockford amezibiwa njia mbele. Anaingiza rivasi, anarudi nyuma kwa kasi, ghafla pua ya gari inazunguka nusu duara, na kabla vumbi halijatua ameshaondoka. Mjomba akajifuta grisi kwenye ovaroli, akaichukua simu.

"Rudisha hapo alipoanza kuondoka."

Nikarudisha. Akasogeza kioo karibu na macho.

"Unaona nyuma kulivyokaa chini? Hiyo injini ina nguvu. Hiyo si gari ya mtu mpole."

"Mjomba, haya si maigizo tu?"

"Watu ndio wanaigiza. Chuma hakiigizi."

Kwenye injini alipatia, kwenye kuigiza akakosea. Magari mengi yaliyotumika kupigia picha hayakuwa Esprit hata kidogo. Yalikuwa Formula 400, toleo lenye misuli, likavuliwa boneti lake na nembo zake na kuvikwa sura ya Esprit. Hapo ndipo linaponimaliza mimi. Kule kwa Starsky, gari zito limevalishwa nguo za mwanariadha. Huku, mwanariadha kavalishwa shati la karani. Kwa kazi ya upelelezi sijui utachagua lipi kati ya hayo mawili, mimi nilishachagua.

Ile mbinu ya kugeuka Wamarekani wengi wanaiita kwa jina la Rockford mpaka leo. James Garner, aliyemwigiza Rockford, mwenyewe aliieleza: rudi nyuma umenyooka kwa kama maili 35 kwa saa (56 hivi kwa kilomita), toa mguu kwenye mafuta, kata usukani wote kushoto, bana breki ya kuegeshea. Magurudumu yanashika, pua inarushwa upande wa pili. Achia kila kitu, kanyaga mafuta. (Tafadhali usijaribu na gari la kukopa.) Sehemu kubwa ya uendeshaji ule aliufanya yeye, wala hakuwa mgeni wa usukani: alijifunza kuendesha magari ya mashindano kwa ajili ya filamu ya Grand Prix ya 1966, baadaye akawa na timu yake ya mbio, na mara 3 aliongoza msafara wa kuanzisha mashindano ya Indianapolis 500. Ndiyo maana ukimtazama akiendesha huoni mikono ikihangaika. Anageuza gari huku uso unalalamika kama mtu aliyeletewa bili ya maji.

Kuna jambo moja dogo ninalolipenda kuliko hata ile mbinu. Kila mwaka walikuwa wanaleta Firebird jipya, rangi ileile, namba zilezile. Lilipofika toleo la 1979, Pontiac wakalibadilisha sura ya mbele na Garner hakuipenda. Basi mchezo ukabaki na gari la 1978 mpaka ulipokwisha. Yeye alikuwa anatetea macho yake tu, lakini kwa Rockford ikakaa sawasawa: yule bwana, na wateja wale wasiolipa, gari jipya angelitoa wapi?