Kituo kimoja cha wanyama Pemba, mfuko mmoja wa halmashauri nne

Pemba ina wilaya nne: Micheweni na Wete upande wa kaskazini, Chake Chake na Mkoani upande wa kusini. Sioni hata moja kati yao ambayo peke yake itaweza kubeba kituo cha kupokea mbwa na paka wasio na mwenyewe, na punda waliotelekezwa baada ya kuumia, kisha ikawalisha na kuwatibu mwaka baada ya mwaka. Zote nne zikichangia mfuko mmoja, inawezekana. Ninachokitaka ni makubaliano ya fedha yaandikwe na kutiwa saini kabla halijawekwa tofali hata moja.

Najua swali litakalokuja: skuli hazina madawati ya kutosha, nyinyi mnazungumzia mbwa? Ni swali la haki, na jibu lake ni kichaa cha mbwa. Maradhi haya yakishaonesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kisiwa chetu kiliwahi kuyaondoa kwa kuchanja mbwa, yakatoweka kufikia mwaka 2014, yakaingia tena 2016, na yakaondolewa kwa mara ya pili 2018 baada ya chanjo kurejeshwa kwa nguvu. Kwa hiyo kazi hii tunaiweza, na tumeshaona inavyokuwa tukilegea. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi unakatika. Lakini mbwa wa Micheweni akiingia Wete haombi ruhusa kwa sheha. Wilaya moja ikichanja na jirani yake ikalala, zote mbili zimo hatarini.

Wapo wanaosema dawa ni sumu na risasi. Zimetumika miaka mingi na mbwa koko bado wapo. Ukimuua mbwa aliyechanjwa umeitupa chanjo uliyoilipia, na chakula cha jaani alichokuwa akila kinabaki kwa mwengine. Jike hubeba mimba miezi miwili tu, na nafasi ile hujazwa na watoto ambao hawajachomwa sindano yoyote. Kuwafunga uzazi na kuwachanja kunachukua muda, lakini ndiyo njia inayopunguza idadi ikabaki chini.

Kuna jambo moja ambalo peke yake linatosha kwangu kutetea kituo hiki. Mbwa akimng'ata mtoto, watu humkimbilia mbwa kwa marungu. Hasira ile naielewa. Lakini mbwa akishauawa na kuzikwa, daktari amepoteza ushahidi. Mbwa aliyeng'ata anatakiwa afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima muda wote huo, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku aliyong'ata. Mtoto huku aoshwe jeraha mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aanzishiwe chanjo bila kusubiri, na daktari ndiye ataamua kama zilizobaki zinahitajika. Sasa niambieni, mbwa mkali kama huyo utamfunga wapi siku 10? Kwenye ua wa nani? Vyumba vya uangalizi, hata viwili au vitatu, vingewapunguzia wazazi wengi usiku wa hofu.

Kuhusu dini, tuzungumze kwa uwazi, maana kisiwa chetu ni cha Waislamu na madhehebu yetu ni ya Shafii. Mate ya mbwa ni najisi, na kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, tunakujua tangu chuo cha Kurani. Hiyo ni hukumu ya tohara. Haijampa mtu ruhusa ya kutesa. Tumesomeshwa pia juu ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake cha ngozi, akasamehewa, na juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Basi kituo kijengwe mbali na misikiti na visima, wafanyakazi wawe na glavu, viatu vya mpira na sehemu ya kujitwaharisha. Na tusisahau kwamba wakulima wetu wanafuga mbwa wa kulindia muhogo dhidi ya tumbili. Hao nao wanahitaji pa kuwapeleka kuchanjwa.

Nije kwenye fedha. Wafadhili hupenda kujenga, kwa sababu jengo hupigwa picha na kuwekwa kibao cha jina. Mshahara wa mlinzi, dagaa na unga wa kupikia chakula, umeme wa jokofu la chanjo, mafuta ya gari, hivyo hakuna anayeviwekea kibao. Kituo hufa hapo. Tuchukue mfano tu: gharama za mwaka ziwe shilingi milioni 60. Nusu igawanywe sawa, kila halmashauri milioni 7.5, kwa sababu kila moja inahitaji mlango ulio wazi hata kama mwaka huo imeleta wanyama wachache. Milioni 30 zilizobaki zigawanywe kwa idadi ya watu kwa mujibu wa sensa ya 2022. Sipendi kugawa kwa idadi ya wanyama walioletwa. Halmashauri itakayotaka kubana matumizi itaacha kuwaleta na watarudi mitaani.

Malipo yatolewe kila robo mwaka, mwanzoni mwake. Anayetaka kujitoa atoe taarifa mwaka mzima wa fedha kabla. Chanjo iwe bure, kwani ukiitoza ada hutafika asilimia 70.

Ukubwa nao uhesabiwe kwa kichwa baridi. Mabanda 20, kila mnyama akikaa siku 30, yatapokea wanyama kama 240 kwa mwaka. Akikaa siku 15, yanafika kama 480. Ndiyo maana daktari wa mifugo wa kufunga uzazi na mtu wa kutafuta wafugaji wapya wana thamani kuliko mabanda mengine 20.

Wengine wataniambia manahodha wengi chombo huenda mrama. Basi nahodha awe mmoja: meneja anayeajiriwa na bodi, si na halmashauri yoyote, na kila halmashauri iwe na kiti kimoja na kura moja. Mahali pake ni Chake Chake, katikati ya kisiwa.

Kwa siku za mbele naitamani wakfu: duka au vyumba vya kukodisha mjini ambavyo kodi yake itakwenda kwenye chakula na dawa. Tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na watu wa Pemba wanajua kutoa. Kulinda wanyama nako wanajua: pale Kidike wanakijiji wamewalinda popo wa Pemba, ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa, na leo wageni wanalipa kuja kuwaona.

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Madiwani wa halmashauri zote nne waweke fungu hili kwenye bajeti ijayo, hata likiwa dogo, la kulipia mchoro, kiwanja na mwanasheria wa kuandika makubaliano. Nasi wananchi tuwaulize kwa jina la fungu, kwenye mikutano ya shehia, kabla bajeti haijapitishwa.