Kuhusu Kile Kibanda Kilichotembea Ziwani

Kwa kuwa swahiba wangu ameshaisambaza habari hii kwa ujumbe wa sauti, tena kwa chumvi isiyopungua kibaba, naomba niisimulie mwenyewe kabla haijamfikia mama mkwe. Si kweli kwamba nilivuka ziwa zima. Nilikwenda hatua 70 tu, nilirudi kuzihesabu.

Mnakikumbuka kibanda changu cha kuvulia samaki juu ya barafu hapa Minnesota: fremu ya mbao, turubai la bluu na sakafu ya plaiwudi yenye tundu moja. Kwa kuwa kukiburura kulinimaliza mgongo na magurudumu ya dukani yalinishinda bei, nilinunua matoroli manne mabovu kwa dola 40 (mke wangu akauliza kama nimepata tenda ya ujenzi), nikafunga vipande vya bomba la mraba chini ya sakafu, na kila gurudumu nikalifungia ekseli fupi inayoingia bombani na kuzuiwa kwa pini. Ukifika ziwani unachomoa pini, unatoa magurudumu, kibanda kinakaa juu ya barafu. Kanuni hiyo niliitunga mimi mwenyewe.

Jumamosi, majimaji ya ufukweni yaliingia kwenye mabomba yakaganda, pini zikagoma, magurudumu yakabaki chini ya kibanda. Ningeweza kuzimwagia chai ya moto. Niliitazama chai, nikazitazama pini, nikainywa chai. Nanga za kuskrubu kwenye barafu ili kibanda kisisogee nazo niliziacha mfukoni, kwa sababu upepo ulikuwa umelala. Barafu ilikuwa na unene wa inchi 9, haina theluji juu yake, inang'aa kama sinia la harusi.

Sasa nisikilizeni taratibu. Nimekaa juu ya ndoo, nimeshika ufito. Upepo unaamka, turubai linatuna. Mshipi unakaza, kisha unalala upande, na ncha ya ufito inainama kuelekea sakafuni kwa nguvu ambayo sijawahi kuionja. Nikapiga kelele, na hapa swahiba hakusema uongo, “Nimemnasa! Ni mkubwa!” Nikavuta. Naye akavuta. Nikachungulia tunduni ili nimwone, nikaona tundu la barafu likijiondoa polepole chini ya tundu la sakafu, kama jicho linalofumbwa, mpaka pakabaki barafu tupu inayopita. Ndugu zangu, hata hapo niliwaza kwamba samaki ndiye anayenikokota. Ufito ukaniponyoka, ukatumbukia kwenye tundu la sakafu. Nilipofungua mlango nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kiti chake mbele ya tundu lake, akisogea taratibu kutoka kulia kwenda kushoto. Akaniinulia mkono. Nami, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikamwinulia wangu. Ndipo nikang'amua kwamba anayesogea si yeye.

Kibanda kilijikita kwenye rundo la theluji, nikatoka, pini zikachomoka baadaye kwa maji ya moto, basi. Mnaouliza kuhusu magurudumu: yako imara kabisa, na hilo ndilo lililoniponza.

Yule mzee aliniletea ufito wangu baada ya kuukunja mshipi wote kwa uangalifu, akidhani kwamba kuna samaki mkubwa. Kwenye ndoana kulikuwa na kisamaki changu cha chambo, mzima, bado anatikisa mkia.